Mjadala: Shule isiyotoa daraja la kwanza, mwalimu mkuu ahamishwe?

Ndugu zangu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kwingineko, salaam. Wilaya yetu ni ndogo, boda ikitoka asubuhi inaimaliza kabla ya saa sita. Kwenye kikao kilichopita hoja iliyopigiwa makofi kuliko zote ilikuwa hii: shule ya msingi isiyopata hata mtoto mmoja wa daraja la kwanza kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwalimu mkuu ahamishwe. Mimi ni mzazi, nimo kwenye kamati ya shule, na makofi hayo sikuyapiga. Karibuni tubishane.

Masomo ya PLE ni manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila somo lina alama kuanzia 1, iliyo bora, hadi 9. Daraja la kwanza ni jumla ya 4 mpaka 12. Ukimtisha mwalimu mkuu kwa kipimo hicho, hatafundisha P7, yaani darasa la saba, nzima. Atachota watoto watano wenye akili nyepesi, awaweke kambi ya usiku kwa taa ya sola, na hao arobaini waliobaki wakae nyuma wakinakili ubao. Mwaka unaofuata tutampigia makofi.

Nina binti wa jirani, yuko P7. Jumamosi anauza mihogo mikavu na maparachichi soko la mpakani. Mteja akilipa faranga za Kongo, yeye anarudisha chenji ya shilingi ya Uganda kichwani, wala hatazami simu. Juzi nikaona karatasi yake ya moki, mtihani wa majaribio. Swali: mfanyabiashara ana kreti tatu za chupa ishirini na nne, chupa tano zikavunjika, zimebaki ngapi? Ameacha wazi. Nikamsomea kwa lugha ya nyumbani, akajibu sitini na saba kabla sijamaliza kukunja karatasi. Kilichomshinda ni neno moja la Kiingereza, la "kubaki".

Tangu 2007 mtaala unataka P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya mama, P4 iwe mwaka wa kuvuka, na kuanzia P5 kila kitu kiwe Kiingereza. Huku kwetu mwaka huo wa kuvuka hauna daraja. Mwalimu wa P4 ana watoto zaidi ya mia, vitabu vya kuhesabika kwa vidole, na sera inapandisha kila mtoto darasa, kavuka au hakuvuka. Na wapo waliokuwa P1 shule zilipofungwa kwa Korona Machi 2020. Walirudi Januari 2022 wakaambiwa nyinyi sasa ni P2. Hao watafika P7 mwaka 2027. Tutamhamisha nani?

Kama ni kupima, tupime P4. Ndiyo hoja yangu.

MWALIMU MSTAAFU: Mzazi, umenena vizuri ila umetuonea huruma mno sisi walimu. Nimeshika chaki miaka thelathini, nayajua. Siku ya soko nusu ya ofisi ya walimu ni tupu. Nyumba za walimu hakuna, sawa, mwalimu anakaa mjini na mvua ikinyesha boda haipandi ule mlima wa udongo mwekundu. Lakini kuna siku ambazo mvua haikunyesha. Mwalimu mkuu ambaye mwenyewe anafika saa nne atamuuliza nani? Huyo mimi namhamisha hata bila PLE.

MAMA WA WATOTO WATATU: Mnazungumza lugha, mimi nazungumza tumbo. Sheria ya elimu ya 2008 inasema chakula cha shuleni ni juu ya mzazi. Ruzuku ya UPE, elimu ya msingi ya bure, ni kama shilingi 20,000 kwa mtoto kwa mwaka, haifiki soda moja kwa wiki. Shule yetu ilituomba kikombe cha mahindi kila Jumatatu, wakaleta wazazi wachache, sufuria ikarudishwa stoo. Mtoto ametoka nyumbani gizani, saa nane mchana bado anatarajiwa aelewe sehemu za ua. Wanaume wa kijiji hiki pesa ya kwete, pombe ya kienyeji, haiwashindi, ya mahindi inawashinda. Nimemaliza.

KIJANA WA MPAKANI: Suluhisho ni Kiswahili. Baraza la mawaziri lilishapitisha 2022 kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Binti wa maparachichi angepewa swali hilo kwa Kiswahili angepata.

MWENYE MADA: Kijana, kuwa somo ni jambo moja, kufanyia mtihani ni jingine. UNEB, baraza la mitihani, bado inauliza kwa Kiingereza. Na walimu wa Kiswahili wenyewe tuna wangapi? Mama, la sufuria nimelipokea kwa aibu, mimi ni mmoja wa wasioleta kikombe.

DIWANI: Hoja niliiunga mkono mimi, kwa hiyo nisikilizwe. Wazazi wananipigia simu kila Januari matokeo yakitoka: shule za kulipia mjini zimejaa daraja la kwanza, zetu bure. Nisipofanya kitu nitaonekana nimelala.

MWENYE MADA: Mheshimiwa, wale wa mjini nusu yao ni watoto wetu. Wamechukuliwa P6 wakiwa wameshaiva, alama zao zinahesabiwa kule. Aliyewafundisha kusoma yuko huku kwetu, na ndiye mnayetaka kumhamisha.

MWALIMU MSTAAFU: Hapo kasema kweli. Niliwahi kupoteza wanne kwa mwaka mmoja.

DIWANI: Basi leteni kipimo chenu. Lakini kiwe kitu ninachoweza kukishika mkononi kwenye kikao.

MWENYE MADA: Aya moja ya mistari mitano. Kila mtoto wa P4 asome kwa sauti, kisha aeleze kwa lugha ya nyumbani amesoma nini. Mwalimu aweke alama ya vema au ya kosa kwenye daftari. Hakuna gharama ila asubuhi mbili.

MAMA WA WATOTO WATATU: Asubuhi hizo mbili pikeni uji.

DIWANI: Kikao ni Jumanne ya wiki ijayo. Njoo na daftari la shule yako kwanza.