Nimeshushwa daraja jangwani kisa dumu la maji, jamani hii ni haki?

MtotoWaJangombe:

Asalam aleykum wakuu, naomba mnisaidie mana mie mpaka leo roho inanifukuta. Mie mtu wa Jang'ombe, nna miezi minne sasa niko Maskati kwa kaka angu mtoto wa ami, yeye kazaliwa hukuhuku, ana Patrol ya zamani na ni mwanachama wa klabu moja ya watu wanaoendesha gari mchangani. Kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri wanakutana, gari kumi mpaka kumi na tano, wanakwenda Wahiba, lile jangwa la matuta ya mchanga. Nikamwambia nami nataka, akaniandikisha.

Sasa hawa watu wana madaraja kama skuli. Kuna mgeni kabisa, kuna anaeanza, kuna wa kati, kuna wa juu, halafu ndo viongozi. Mie nikatiwa kwenye mgeni kabisa. Nikanyamaza, ingawa Escudo nimeiendesha Unguja nzima, Paje mchangani nimepita, uwanda wa Makunduchi ule wa mawe makali kama meno ya papa nimepita, na Pemba nimepandisha vilima vya udongo mwekundu masika yameshtadi. Safari tatu za mwanzo sikunasa hata mara moja, wakanipandisha daraja la pili.

Ijumaa iliyopita ndo balaa lenyewe. Tunapanda tuta moja hivi si kubwa sana, nikafika juu nna spidi kidogo, gari ikaruka ikatua kwa pua, dumu la maji la lita 20 likatoka nyuma likapita juu ya kiti likampiga kaka angu begani, na kizimamoto kikabiringika mpaka chini ya miguu yangu karibu na breki. Kiongozi akasimamisha msafara wote kwa redio kol, akaja kwa miguu, akafungua mlango wa nyuma akatizama, akanambia hamia kiti cha abiria. Basi, neno jengine hakusema. Kaka angu akaendesha na bega lake lile. Jioni naletewa ujumbe kua nimerudi daraja la kwanza.

Na vitu nilivifunga wallahi! Nilivifunga kwa mpira wa tyubu kama tunavofunga mzigo nyumbani kwenye baiskeli, nikauzungusha mara nne. Sasa kuendesha na kufunga mizigo vinahusiana nini? Na nyie mliozoea jangwa mnafunga kwa kitu gani?

MtendeniMaskati:

W/salaam mdogo wangu, mie niko huku mwaka wa kumi na moja, jangwani nimeanza mwaka wa pili, na daraja la kwanza nimelikaa miezi mitano kwa iyo usione haya.

Hapo kwenye madaraja umeelewa kinyume. Wewe unaona ni cheti cha udereva wako, wao wanakutizama kama mzigo wa msafara. Kiongozi anapopanga njia anajiuliza gari ya mwisho ikitumbukia kwenye shimo la katikati ya matuta, watu wangapi watakaa juani kuchimba na kuvuta. Wahiba ina urefu wa kama kilomita 180 kaskazini kwenda kusini na upana kama 80, yaani Unguja na Pemba unaziweka pamoja mle zaidi ya mara nne na nafasi inabaki. Mle hakuna mtu wa dukani umpigie kelele aje kukusukuma. Kwa iyo daraja la kwanza hufundishwi ufundi wowote wa maajabu, unafundishwa kushusha upepo wa tairi, kufuata alama ya tairi ya gari ya mbele, kuacha nafasi, kusimama ukiwa pua imeelekea chini ili uweze kuondoka, na ukishindwa kupanda urudi kinyumenyume mulemule ulimopita bila ya kukata usukani. Watu wengi wanapindua gari hapo pa kurudi, anaona kashindwa anataka kugeuza ubavuni. La pili ndo unaingia kwenye migongo ya matuta. Wa kati anatakiwa aweze kumnasua mwengine, sio kujinasua mwenyewe tu.

Na Paje usiitaje mbele yao, watakucheka. Mchanga wa Paje maji yakitoka vijana wanacheza mpira, baiskeli inapita, mana umelowa na umeshikana. Huu wa huku mkavu, ukiukanyaga asubuhi na baridi unakubeba, saa sita mchana tuta hilohilo linakumeza. Gari ile ile dereva yule yule.

Sasa tuje kwenye tuta lako. Tuta lina upande wa upepo ambao umelala, na upande wa pili umekatika, unashuka kwa nyuzi thelathini na zaidi. Unapopanda unatakiwa ufike juu gari iwe imechoka, imebaki na nguvu ya kuchungulia tu, pua ishuke taratibu mwenyewe uone kuna nini. Wewe umesema umefika juu na spidi "kidogo" gari ikaruka. Upande wa pili kungekua na gari imenasa je? Mwenzio hakukushusha kwa dumu. Dumu lilikua shahidi tu.

Suali moja nijibu kwa ukweli, upepo ulikua ngapi kwenye tairi?

BintiMicheweni:

Nimesoma yote. Bega la kaka mtu vipi? Mana naona tunazungumza daraja tu hapa.

NahodhaMkoani:

Mie jangwa silijui, gari yenyewe naendesha kwa kulazimishwa, lakini kufunga shehena nakujua mana nimekaa kwenye majahazi tangu nna umri wa miaka kumi na sita, karafuu, mbao, saruji, ng'ombe, kila kitu nimefunga. Na hili suali la kijana la kuendesha na kufunga vinahusiana nini limenichekesha kwa uchungu. Chombo hakipinduliwi na wimbi peke yake mwanangu, wimbi linakilaza, halafu shehena ikihama ikaenda upande uliolala ndo inakizuia kisinyanyuke tena. Gari yako ikiwa ubavuni mwa tuta ni hayohayo, mzigo ukikimbilia upande wa chini na ule uliopo juu kwenye keria ukavuta nao, gari inakwenda.

Mpira wa tyubu ni wa baiskeli na kuku. Mpira unanyumbuka, ndo kazi yake, gari ikiruka mzigo unapanda juu nao mpira unafata, halafu unaurudisha kwa nguvu kama manati. Ungezungusha mara nne au mara arubaini ni yaleyale. Kamba ya manila nayo inavutika, asubuhi umekaza saa tano imelegea unaweza kupitisha mkono. Nyavu ni ya kuzuia mito na nguo, kitu kizito kinaichana au kinaivuta mpaka kinakufikia.

Unachotaka ni mikanda ile bapa ya kukazia yenye chuma cha kusagia (ratchet), wanayofungia mizigo kwenye malori, na pa kuifungia pawe chuma cha bodi sio plastiki wala kishikio cha mlango. Mzigo mzito chini kabisa, uegemee mgongo wa kiti cha nyuma usiachwe hata upenyo wa kidole, mana kitu kinaanza kukimbia kwenye ule upenyo. Mkanda mmoja hautoshi, weka miwili ipishane kama msalaba, uvute kwenda chini sio ubavuni tu. Halafu ukishafunga lisukume dumu kwa mguu kwa hasira, gari itikisike dumu lisitikisike. Ukishaendesha robo saa simama ukaze tena mana mzigo lazima ukae, sie tunaita kutulia kwa shehena, na hakuna nahodha asiyekagua baada ya kutoka nje ya mkondo. Na ile sehemu ya kusagia ifunge kitambaa, mchanga ukiingia haifunguki utaikata kwa kisu na hela yako imekwenda.

Alafu hesabu ndogo. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji. Gari ikiwa kwenye spidi 50 ikasimama ghafla ndani ya mita moja, kama ikijikita kwenye tuta la mbele, lile dumu linasukuma kama kilo 200. Hayo ni magunia manne ya kilo 50 yanakuja kisogoni. Kaka ako kapata bega tu, ashukuru.

KijanaWaMlandege:

Mie naona haya mambo ya madaraja ni ubwanyenye tu, watu wamepata hela wanajiekea vyeo, mara kiongozi mara msaidizi wa kiongozi, mara vibendera juu ya vijiti virefu kama wanakwenda vitani. Mabedui wa hukohuko Bidiya, mji wa ukingoni mwa Wahiba, wanapita na pikapu zao mbuzi nyuma, hawana daraja wala redio wala mkanda wa lori na wanafika. Kijana kaendesha Pemba masika bwana, udongo ule ukiuweza wa wapi usiuweze. Tafuta watu wako watatu mkatembee wenyewe.

MtendeniMaskati:

Mlandege shekhe, lile tuta Bedui kaliona tangu anapakatwa na baba ake kwenye pikapu hiyohiyo, anajua jana upepo umevuma kutoka wapi na leo mgongo umehamia wapi. Na hao mbuzi wake watizame vizuri siku moja, wamefungwa kuliko mizigo ya sisi wote. Vibendera navyo havina ufakhari, ile mijiti mirefu ni ili alie upande wa pili wa tuta aone kitambaa kinakuja kabla hajaiona gari, mana ukiiona gari mgongoni mwa tuta ushachelewa. Gari tatu kwenda wenyewe sio mbaya wanaojua wanafanya, lakini sio kwa mtu wa miezi minne ambae bado mwili wake unamwambia pita kushoto kama nyumbani.

Pemba masika ni kazi sikatai. Lakini udongo unakutelezesha unajijua unateleza. Mchanga unakuchukua taratibu unadhani gari haina nguvu, unakanyaga mafuta, na kila ukikanyaga unajichimbia kaburi mpaka difu inalala chini.

Jangombe hujanijibu upepo.

MtotoWaJangombe:

Haya nimekuja na aibu zangu. Upepo ulikua PSI 22. Kiongozi alisema wote tushuke mpaka 15, mie nikaona mambo ya kujaza tena jioni kwa kale kapampu kadogo ni nusu saa kila mtu ananisubiri, nikatoa kidogo nikafunga vifuniko.

MtendeniMaskati:

Ndo hapo sasa. Kwenye 15 tairi inajilaza inakua ndefu, inakanyaga eneo kubwa, unapanda lile tuta unatembea. Kwenye 22 inakata mchanga kama kisu, gari inakua nzito, ukaona hupandi, ukaongeza spidi, spidi ikakurusha, ukarushwa, na mpira wa tyubu nao ukarusha dumu. Yule kiongozi kafungua mlango wa nyuma kaona tyubu, na nina hakika kaitizama na tairi ndo maana hakua na haja ya kukuuliza kitu. Usishuke sana lakini, chini ya 10 kwa rimu za kawaida ukikata kona kali tairi linachomoka kwenye rimu na hapo mtajuana.

BintiMicheweni:

Bega???

NahodhaMkoani:

Na kizimamoto usikitie kwenye mkumbo wa mizigo. Kile kiwe na kishikio chake cha chuma kimepigwa bolti, mahala unakifikia ukiwa umekaa, sio mpaka ushuke uhamishe friji na chepe ndo uzime moto. Mana kibaya kuliko dumu begani ni kile ulichosema wewe kwa haraka haraka ukapita, kuwa kilibiringika karibu na breki. Kingeingia chini ya pedali je? Mimi pale ndo nilipoacha kusoma nikarudi juu kusoma tena.

MtotoWaJangombe:

Nahodha hapo umenimaliza, sikuifikiria kabisa hiyo.

Haya, ripoti. Jana tumeinua zulia la nyuma mimi na kaka, tukakuta vishikizo vinne vya chuma vimefunikwa na zulia miaka yote, hata yeye hakuvijua! Tumenunua mikanda minne, dumu limekaa chini limeegemea kiti, kompresa na sanduku la spana upande wa pili ili uzito ulingane, chepe tumelifunga peke yake mana ndo lenye ncha, na minyororo na pingu za kuvutia gari tumezitia kwenye mfuko wa turubai nao ukafungwa. Kizimamoto kimepigwa bolti mbele ya kiti cha abiria. Nimesukuma kwa mguu kama ulivosema, gari ndo iliyotikisika.

Limebaki suala la dumu la petroli. Kaka anataka liingie ndani mana juu ya keria anaogopa uzito.

MtendeniMaskati:

Ndani hapana, harufu yake peke yake kwenye joto hili na vioo vimefungwa mtazimia, sisemi cheche. Safari ya Ijumaa moja ya daraja lenu jazeni tangi Bidiya kabla ya kuingia mchangani, inatosha, dumu liacheni nyumbani. Na mwambie kaka ako ile ndoana ya kuvutia tela pale nyuma asiiruhusu kabisa mtu kufungia kamba ya kunasulia, ikikatika inaruka kama risasi. Kamba ifungwe kwenye ndoana ya chesisi yenyewe.

BintiMicheweni:

Naona kizimamoto kimepata bolti, dumu limepata mkanda, chepe limepata mahala pake. Mara ya tatu naulizia BEGA.

MtotoWaJangombe:

Hahaha dada samahani. Limevimba likawa jeusi, hospitali wamesema hakuna mfupa uliovunjika, anapaka mafuta ya karafuu mama alimtumia kutoka nyumbani, nyumba nzima inanukia kama ghala la Wete. Ijumaa hii anasema anakaa nyuma, na maji ya kunywa atayabeba mwenyewe kwenye chupa ndogo.