Tupeane uzoefu: lugha ya kigeni ilikunogea wapi, na ilikuboa wapi?

Mwalimu_Mufindi
Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, poleni na baridi. Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili huku Mufindi, na kuna jambo linaniumiza kichwa. Mwanafunzi mwenye woga namwona: ananyoosha mkono nusu, anaushusha, sauti inatetemeka. Huyo naweza kumsogelea. Aliyeboeka hasumbui mtu. Ameandika tarehe, amepiga mstari, macho yako dirishani kwenye mipaina mpaka kengele igongwe.

Watafiti nao kwa muda mrefu waliutazama zaidi woga. Mwaka 2014 Jean-Marc Dewaele na Peter MacIntyre waliwauliza wanafunzi wa lugha 1,746 wa nchi mbalimbali kuhusu woga na raha kwa pamoja, wakaona kwamba kumtoa mtu woga bado si kumpa raha. Ni vitu viwili, na mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote kwa wakati mmoja. Kuhusu kuboeka, mwanasaikolojia Reinhard Pekrun anaeleza kuwa somo humchosha mtu likiwa jepesi mno au gumu mno kwake, na pia asipoona litamfaa nini.

Mimi hayo yote ninayo kwenye dawati moja. Huku amekaa mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiingereza, pembeni yake aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili, na sasa baiolojia, jiografia na hesabu zote zinamjia kwa lugha asiyoizoea. Nikisimama kufundisha wakati uliopita, wote wawili wanapiga miayo. Mmoja alishalijua somo zamani, mwingine nilimwacha njiani tangu wiki ya kwanza.

Naomba visa vyenu, lugha yoyote ile. Ushauri baadaye, kwanza nielezeni ilikuwaje.

MamaMchele_Tunduma
Mwalimu, shuleni Kiingereza kilikuwa kunakili ubaoni, kukariri, kunakili tena. Nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni ili tu nipate hewa. Leo nauza mchele wa Kyela hapa mpakani na wateja wengi wanavuka kutoka Nakonde. Kuna mama Mzambia alikuja nikiwa mgeni kwenye biashara. Akachota mchele kiganjani, akaunusa, akatafuna punje mbili, halafu maswali: ni wa msimu huu? Umechanganywa? Ukipikwa unashikana? Nikamjibu vipande vipande, mikono ikisaidia. Akaelewa! Akashusha bei, nikapandisha, tukaelewana kwa kwacha. Alipoondoka nilitamani mwingine aje papo hapo. Sarufi yangu mpaka leo ina mapengo, lakini kibandani Kiingereza hakijawahi kuniboa.

Mdau_Kabwe
Kilichoniboa ni ile kusoma aya kwa zamu. Unahesabu waliobaki mpaka ufikiwe wewe, unaitafuta aya yako, nyingine zote zinapita hewani. Kilichoninogea ni mdahalo wa Ijumaa. Mkulima na mwalimu, nani bora? Pale hukumbuki hata kama unaongea Kiingereza, unataka kushinda.

Mwongoza_Watalii_Iringa
Kamwene mwalimu. Mimi Kijerumani nilianzia kwenye programu ya simu. Kila siku ni tufaha, mkate, na paka anakunywa maziwa. Nikawa nabonyeza tu, akili haipo. Sikuwa na mtu wa kumpa habari za tufaha.

Nikajiuliza, mimi nina nini cha kumwambia Mjerumani? Nikaanza na mibuyu ya Ruaha na yale majeraha yake, jinsi tembo wanavyoichubua magome wakati wa kiangazi na kuitafuna kwa ajili ya maji yaliyomo. Halafu nikaingia Kalenga, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe. Nilikaa na kamusi nikaiunda sentensi moja moja: Wahehe walivyolipiga jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, Mkwawa alivyojiua mwaka 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kikachukuliwa, fuvu likatajwa kwenye Mkataba wa Versailles mwaka 1919 na kurudishwa Uhehe mwaka 1954. Vile vitenzi vya Kijerumani vinavyokimbilia mwisho wa sentensi vilikuwa vinanichosha sana. Lakini kwenye kisa hiki ni lazima ieleweke nani alimpiga nani, kwa hiyo nilivifuata mwenyewe bila kusukumwa.

Siku nilipokisimulia mbele ya fuvu, mzee mmoja wa Kijerumani alivua kofia. Akanirekebisha kitenzi kimoja kwa upole, akauliza Mkwawa aliacha watoto, akaniomba niendelee. Jasho lilinitoka mgongoni muda wote, na raha niliyoipata sijawahi kuipata darasani. Hao watafiti wako nawaelewa kabisa.

Kiswahili_kwa_Wageni
Mimi niko upande wa pili, nawafundisha Kiswahili wageni wanaokuja kujitolea Iringa. Ukiwaandikia jedwali la ngeli ubaoni wanalegea mapema sana. Siku hizi nawapeleka sokoni na hela ndogo: mmoja akanunue kitunguu kimoja kikubwa na viazi vitatu vidogo, mwingine nanasi moja bovu kidogo apunguziwe bei. Muuzaji anasubiri, foleni inasubiri, na upatanisho wa kisarufi unakuja wenyewe. Ila mwalimu, jambo moja nimeliona kwa macho yangu: siku nikiingia nimechoka mimi, darasa zima linachoka.

Mwalimu_Mufindi
Asanteni sana, kwa kweli mmenipa kazi. Nimeacha kusomesha aya kwa zamu. Kuanzia wiki ijayo kila dawati litakuwa na muuzaji na mnunuzi. Aliyetoka kijijini atauza anachokijua vizuri kwao, chai, mbao, parachichi, na aliyetoka shule ya Kiingereza atakuwa mnunuzi mwenye maswali magumu. Naona hapo wote wawili watakuwa na shughuli. Dada wa Tunduma, naomba uniorodheshee maswali wanayokuuliza wateja, hata yale ya kuudhi.

MamaMchele_Tunduma
Kaka yangu, chukua kalamu. La kwanza kabisa: kwa nini jirani yako anauza bei ya chini kuliko wewe? La pili: hii debe yako imebonyezwa ndani? La tatu: nikirudi kesho ukaniambia umeisha je? Mengine nakutumia jioni nikifunga.