Lifti ya anga katika hadithi ya kubuni: ina kazi gani ikiwa roketi zishakuwa rahisi?

Mwanagati

Asalaam alaykum wakuu. Naandika riwaya ya sayansi ya kubuni, mwaka ni 2180, mahali ni Lamu. Kuna utepe uliofungwa kwenye jukwaa baharini, mashariki ya Manda. Unapanda hadi kwenye obiti ya setilaiti tuli, yaani ile inayozunguka sambamba na dunia na kuonekana imesimama pale pale, kilomita 35,786, kisha unapita hapo kwenda kwenye uzito unaoukaza. Mabehewa hupanda na kushuka. Msomaji wa mswada ameniuliza swali ambalo sina jibu lake: kwenye dunia hiyo roketi huruka na kurudi kila siku, basi lifti ya nini? Naomba hesabu. Pia nataka kujua kama Lamu inafaa, maana iko digrii 2.3 kusini, si ikweta yenyewe. Na utepe ukikatika, nini kinatokea? Kwa sasa abiria wangu wanaanza kuelea wakifika kilomita 400.

Fundi_Ngomeni

Wa alaykum salaam. Nianze na hao abiria, kwa sababu hapo ndipo hadithi nyingi za lifti huharibika. Hawaelei. Wanaoelea kwenye kituo cha anga kilomita 400 juu huelea kwa kuwa kituo chenyewe kinakimbia karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, kinaanguka siku zote bila kuigonga dunia. Behewa lako limening'inia tu. Uzito wa mtu pale ni kama asilimia 88 ya uzito wake gatini, na mlango ukifunguka ataanguka chini kama anayeanguka kutoka juu ya mnazi.

Uzito hupungua polepole. Kilomita 2,600 hivi ni nusu. Kilomita 3,900 ni sawa na Mirihi, na 8,900 ni sawa na Mwezini. Ukitaka msomaji aone kwa macho, mweke mtu anamimina kahawa kwenye kikombe kutoka kwenye dele, sentimita 10 juu. Gatini tone la kwanza hufika kwa sekunde 0.14. Kilomita 8,900 huchukua sekunde 0.35, na likigonga kikombe hurukia mkononi, kwa hiyo mzoefu wa safari huinamisha dele hadi mdomo uguse kikombe. Kuelea hasa ni kwenye 35,786. Ukipita hapo uzito unarudi kinyume: dari inakuwa sakafu, na mabehewa ya juu lazima yawe na viti vinavyogeuzwa.

Sasa swali la faida. Kitu ukikiachia kutoka kwenye utepe chini ya kilomita 23,400 hivi, kinarudi kugonga hewa ya dunia. Maana yake lifti haifai kwa setilaiti za chini. Huko roketi ni bora na itabaki bora. Ukikiachia kwenye 35,786 kinabaki papo hapo. Ukikiachia kwenye 46,700 kinaondoka duniani moja kwa moja bila tone la mafuta, kwa kasi ya utepe wenyewe tu. Hapo ndipo pa kuijengea riwaya yako. Meli za Mirihi zipakiwe juu ya obiti tuli, si kwenye kilomita 400.

BintiAmari

Nakubaliana na Fundi, ila Mwanagati ameomba hesabu na hesabu zina ubaya wake.

Chukua behewa la tani 20 kwa jumla, 13 kati yake mzigo, likipanda kilomita 200 kwa saa. Kufika kwenye obiti tuli ni saa 179, yaani siku saba na nusu. Kuliondoa tu gatini kunataka megawati 11. Umeme huo hauwezi kupanda kwa waya wa kilomita elfu thelathini na tano, hupelekwa kwa leza kutoka chini. Tuseme kutoka mtambo wa umeme hadi mota inafika sehemu moja kwa kumi. Basi unataka megawati 110 chini, zaidi ya theluthi ya uwezo wote wa mitambo ya upepo ya Turkana, ambayo ni megawati 310.

Behewa la pili liondoke lini? Ukingoja la kwanza lifike kilomita 2,600, ambapo linavuta utepe kwa nusu ya uzito wake, unasubiri saa 13. Tani 13 kila saa 13 ni tani moja kwa saa, tani 8,760 kwa mwaka. Roketi ya tani 100 ikiruka kila siku inapeleka tani 36,500. Kweli, hizo ni za obiti ya chini, na kuzisukuma hadi obiti tuli kunakula sehemu kubwa ya mzigo. Lakini utepe mmoja mwembamba bado unashindwa, na msomaji wako ana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo unene mara kumi: mabehewa ya tani 200. Na tepe mbili, mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka, kwa sababu mabehewa mawili hayapishani kwenye utepe mmoja. Hapo unafika tani 87,600 kwa mwaka hadi juu kabisa, kwa nishati ambayo kwa kilo moja ni saa-kilowati 13.5 tu kabla ya upotevu. Hakuna roketi inayokaribia bei hiyo.

Na usimpandishe mtu mwenye haraka. Kati ya kilomita 1,000 na 12,000 behewa linapita kwenye mkanda wa ndani wa mionzi wa Van Allen, na kwa mwendo huo ni saa 55 humo ndani. Ukiongeza mwendo hadi kilomita 1,000 kwa saa, hiyo inakuwa saa 11, lakini umeme wa mota unapanda mara tano. Jahazi lilibeba boriti za mikoko kutoka Lamu hadi Ghuba kwa upepo wa kusi, na hakuna aliyelilaumu kwa kuchelewa, kwa sababu boriti haiozi. Lifti ni hivyo hivyo: maji, vyuma, mbegu, udongo wa mashamba ya juu. Daktari aende kwa roketi.

Kipini74

Naongezea upande wa utepe na mahali.

Lamu yafaa. Nje kidogo ya ikweta utepe hausimami wima, unainama kuelekea kaskazini, na kwa digrii mbili hasara ni ndogo. Pwani hii ilishapimwa kwa kazi: jukwaa la Waitaliano la San Marco, kwenye bahari ya Ngomeni huko Malindi, lilirusha roketi za Scout kuanzia 1967 hadi 1988. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za nyota, ilitoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Sababu mbili walizopafuatia zinakufaa na wewe: ikweta iko karibu, na mashariki ni bahari tupu. Vimbunga pia ni nadra sana ndani ya digrii tano za ikweta. Radi ndiyo ya kuogopa, maana utepe wa kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo jukwaa liwe linaelea na liweze kuhama.

Kuhama kuna kazi nyingine. Kila setilaiti, obiti yoyote iwayo, huvuka usawa wa ikweta mara mbili katika kila mzunguko. Zilizo chini ya obiti tuli zote siku moja zitaukuta utepe wako njiani. Ama zinakwepa, ama jukwaa linasogea kilomita chache na kungoja wimbi la msogeo huo lipande kwenye utepe. Kwa riwaya hii ni dhahabu: nani anamlipa nani ili akwepe?

Kuhusu nyenzo, usiseme Kevlar, zile nyuzi za fulana za kuzuia risasi. Ukifanya hesabu, utepe wa Kevlar lazima uwe mpana juu kuliko chini zaidi ya mara milioni 200. Nanotubu za kaboni, yaani mirija midogo mno ya kaboni, zikibeba gigapaskali 50 (kipimo cha nguvu ya mvuto) ni mara tatu na nusu, na ukijiwekea akiba ya nusu ya nguvu ni mara 12. Kati ya kilomita 100 na mia kadhaa kuna oksijeni ya atomi mojamoja inayokula kaboni, kwa hiyo sehemu hiyo ipakwe chuma chembamba. Na haujengwi kutoka chini. Mhandisi Mrusi Yuri Artsutanov alilionyesha hilo mwaka 1960: unaanzia kwenye obiti tuli na kuufungulia pande mbili kwa pamoja, kama nahodha anayeshusha amari huku akilegeza tanga.

Ukikatika, uliza kwanza umekatika wapi. Kilomita 1,000 juu: kipande cha chini kinaanguka baharini mashariki ya Manda, cha juu kinainuka na kuondoka. Karibu na obiti tuli: kipande chote cha chini kinajizungusha duniani kuelekea mashariki, Bahari ya Hindi, Sumatra, Pasifiki, Amazon, na ncha yake ingefika Ghuba ya Guinea kama isingeungua hewani. Utepe wa behewa la tani 20 ni mwepesi sana kwa urefu wake, na hata wako mnene hautaleta wimbi la kuzamisha Shela. Wanaokufa ni waliomo mabehewani chini ya 23,400 kwenye kipande kinachoanguka.

Mwanagati

Nimewaelewa, Mola awazidishie. Nimeondoa kuelea, nimeweka tepe mbili na tani 200. Sura ya ajali nilitaka behewa la abiria 40 likiwa kilomita 20,000 juu wakati utepe unakatika chini yake. Wanaokoka?

Fundi_Ngomeni

Wanaweza. Ukikatika chini yao, wao wako kwenye kipande kinachoinuka, hawaanguki mara moja. Kosa litakuwa kuachia utepe kwa hofu: wakiwa 20,000 wanarudi hewani kwa zaidi ya kilomita 9 kwa sekunde. Waendelee kupanda. Hadi 23,400 ni kilomita 3,400, saa 17 kwa mwendo wako. Shida ni leza ya jukwaani, kwa sababu utepe unahama na mlengo unapotea. Wape betri. Kwenye 20,000 uzito ni kama asilimia 4.4, kwa hiyo behewa la tani 200 linataka megawati 4.8, zinazopungua kadiri wanavyopanda, na kwa saa 17 ni saa-megawati 68 hivi. Betri za leo za saa-wati 250 kwa kilo zingekuwa tani 270 hivi, nzito kuliko behewa lenyewe, kwa hiyo za 2180 lazima ziwe bora zaidi. Amua tangu sura ya kwanza kama kampuni ilikubali kubeba betri hizo au ilizitoa kupakia mzigo.