Fundi kanichomelea chuma cha tela kwenye chasisi, kanifungia boli ya kushikia tela isiyo saizi yake, nusura niue watu pale kijijini Doma

Wakuu habari zenu. Nina hasira na sitazificha. Leo siku ya nne usingizi hauji vizuri, kila nikifumba macho naona pua ya tela inakwangua lami, cheche zinaruka na tela lenyewe linaelekea kwenye meza za kina mama wanaouza pembeni ya barabara. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo. Ila nataka mjue kwa nini lilichomoka, maana hii siyo ajali ya bahati mbaya, ni kazi ya fundi niliyemlipa hela yake yote mkononi.

Gari ni Land Cruiser pikapu, mkonga, HZJ79 ya 2002, injini 1HZ ile ya silinda sita isiyo na tabo. Nimeinunua kwa mtu mwaka jana, imetembea sana ila bodi ngumu na haili oili. Mimi na mdogo wangu tunalima vitunguu Ilula, Iringa, kila msimu tunakodi lori la Fuso kushusha mzigo na kila msimu faida inaishia kwa mwenye Fuso, tukasema basi tutafute tela la ekseli mbili tuvute wenyewe. Tela tukapata, likiwa tupu ni kama kilo 600, ukipakia magunia ishirini ya vitunguu una zaidi ya tani mbili na nusu nyuma yako. Nikampelekea fundi hapa Dar, gereji inayosifiwa sana na mtu niliyemwamini, nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, nataka gari iandaliwe kuvuta tani mbili na nusu kutoka Ilula mpaka Dar, nitapita mlima Kitonga, fanya kila kinachotakiwa niambie gharama. Akacheka, akasema bosi hii ni Land Cruiser, hii inavuta nyumba. Akataja laki tisa na nusu. Nikatoa.

Hilo neno la inavuta nyumba ndo linaloniuma mpaka leo. Kila fundi ukimuuliza habari za kuvuta anakujibu habari za injini. Injini haikuwa tatizo hata dakika moja. 1HZ ina cc 4164, haina haraka lakini inavuta, utaweka gia ya pili utapanda na malori na utafika. Tela limeshikwa na nini, na hilo zigo lote utalisimamisha vipi, hapo hakuna aliyenigusia.

Safari ya kwenda tulibeba pampu na mabomba, tela halikuwa zito sana. Kitonga tukaanza kupanda vizuri, katikati ya kona zile mshale wa joto ukaanza kwenda juu, nikasimama mara mbili kupoza. Hiyo gari kabla ya kwenda gereji haikuwahi kunifanyia hivyo hata siku moja. Tukafika Ilula nikafungua, kumbe jamaa katoa thamosteti! Hakuniuliza, hakuniambia. Najua wengi humu mtasema Dar joto mafundi wote wanatoa, sasa sikilizeni, kwenye injini nyingi hiyo thamosteti siyo ya kufungulia maji tu, ikishapata moto ndiyo inayoziba ile njia fupi ya maji kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka humo humo haipozwi, kwenye tambarare huoni kitu, weka mzigo mlimani ndo utaona. Nilifunga nyingine na nikaosha rejeta, mshale ukatulia.

Kushuka na mzigo ndo nikaanza kuogopa. Tela halina breki. Nilimuuliza fundi kabla, akasema bosi breki za gari zinatosha, wenzako wote wanavuta hivyo. Kule Australia ambako hizi hizi 79 zinavuta matela kila siku, kiwango cha gari ni kilo 3,500 tela likiwa na breki zake, lisilo na breki mwisho kilo 750. Yani tani mbili na nusu bila breki ni zaidi ya mara tatu ya kiwango, na huyu mtu kazi yake ni magari! Nilishuka Kitonga na gia ya pili mwanzo mwisho, malori yananipigia honi nyuma, nikawaacha wapige, na bado breki zilinukia mpaka mdogo wangu akafungua dirisha. Pedali ilikuwa inashuka chini zaidi kila kona.

Na hapo kuna kingine nilikuja kuambiwa baadaye nikachoka kabisa. Fundi aliniongezea springi mbili mbili nyuma ili gari isikae chini. Sawa, zinahitajika. Ila hizi gari kuna valvu imefungwa kwenye chasisi juu ya difu, ina kimkono kimeunganishwa na ekseli, kazi yake kuangalia mgongo wa gari umeshuka kiasi gani, ukishuka inajua kuna mzigo inaachia breki ya nyuma ishike zaidi, mgongo ukiwa juu inajua gari tupu inaibana breki ya nyuma ili matairi yasijifunge. Sasa wewe umeinua gari kwa springi na kile kimkono hujakigusa, maana yake gari imepakiwa inavuta tani mbili na nusu lakini valvu inaamini ni tupu. Breki za nyuma zikawa zinafanya kazi nusu. Ndo maana za mbele zilikuwa zinaungua. Kurekebisha ni dakika kumi na spana mbili, wala hakuna spea ya kununua.

Haya, Doma. Tumetoka mbugani Mikumi salama, saa kumi jioni, naingia kijijini taratibu labda spidi 25, napanda tuta. Matairi ya gari yakashuka, pua ya tela ikanyanyuka, nikasikia mlio mmoja tu wa kukatika, nikaangalia kioo pua ikawa chini kwenye lami na cheche. Tela likajivuta upande wa kushoto, likapita kwenye meza ya nyanya, likaingia mtaroni. Mama mwenye meza alikuwa ameinuka hatua tatu nyuma kumpa mteja chenji. Hatua tatu wakuu! Alibaki amesimama ameshika ile noti, haongei, na mimi nilishuka kwenye gari miguu haina nguvu. Nilimlipa meza na nyanya zake zote, akanambia baba usijali mzigo, mshukuru Mungu. Vitunguu magunia sita yalipasuka.

Tela tukalivuta kwa trekta mpaka Morogoro kwa mzee mmoja anayeunda matela ya trekta. Kabla hajagusa tela akaenda nyuma ya gari yangu, akachukua kitambaa akafuta grisi kwenye ile boli, yaani kile kichwa cha chuma cha duara ambacho kikombe cha tela kinakaa juu yake. Akaniita niangalie. Juu kabisa pamegongwa maandishi madogo, 1-7/8, hizo ni inchi, na chini yake 2000 LBS. Akaenda ndani akaleta kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, akapima mbele yangu, milimita 47 na nusu na kitu. Akapima ndani ya kikombe cha tela, ni cha milimita 50. Akaninyanyulia kikombe akakiweka juu ya boli akakitikisa kwa mkono mmoja, kinacheza kama sufuria kwenye jiko bovu. Milimita mbili na ushee tu, kwa macho huwezi kuona, ukifunga unasikia kabisa klaki imejifunga unaondoka umeridhika. Na hizo pauni 2000 ni kilo 907. Boli ya kilo 907 nimefungiwa kwenye tela la tani mbili na nusu. Maandishi yapo pale pale juu, hayajafichwa, ni fundi kusoma tu!

Cheni ya usalama ilikuwepo, maana nilidai mimi. Moja. Imefungwa kwenye bampa, siyo kwenye chasisi, kwa bolti nyembamba ya milimita nane. Ndo ule mlio niliosikia, hiyo bolti ikikatika. Cheni zinatakiwa mbili zipishane chini ya pua, ili pua ikianguka ianguke juu ya cheni isiguse lami na tela libaki nyuma ya gari, na zishike kwenye chuma kinachobeba tela siyo kwenye pambo la bati.

Nilidhani yameisha. Mzee akalala chini ya gari na tochi akaniambia njoo mwanangu ulale na wewe. Kile chuma cha kuvutia tela kimechomelewa moja kwa moja kwenye chasisi, pande zote mbili, mshono umekatiza upana wa chasisi kutoka juu mpaka chini, halafu wakapaka rangi nyeusi ikapendeza. Upande wa kulia kwenye ncha ya mshono kuna mstari wa kutu mwembamba kama unywele. Akapitisha ukucha, akasema huu ufa, umeshaanza kutembea. Safari moja tu! Chasisi ukiichoma kwa kukatiza hivyo chuma cha pembeni ya mshono kinapoteza ugumu wake na hapo ndipo kitakatikia. Angechukua sahani nene mbili, akafunga kwa bolti ngumu angalau nne kila upande, zile zilizoandikwa 8.8 au 10.9 kichwani, azipitishe kwenye matundu ambayo chasisi inayo tayari, na ndani ya chasisi aweke vipande vya bomba ili bolti zikikazwa zisibonyeze kuta. Sasa mimi nina chasisi yenye jeraha ya kukata, kusafisha na kuimarisha kwa gharama nyingine.

Taa sizungumzi sana, waya zimeunganishwa kwa tepu, ile nyeupe ambayo ni ya athi, ya kurudisha umeme kwenye bodi, kaibana kwenye rangi bila kukwangua, ndo maana nikikanyaga breki indiketa ya kushoto inawaka hafifu. Yani gari ya nyuma yangu ilikuwa haijui nasimama au nakata kona.

Nikampigia simu. Nimetulia kabisa, nikamweleza kimoja kimoja. Unajua alinijibu nini? "Bosi utakuwa ulirukisha tuta." Nikamuuliza boli saizi gani ulifunga, akasema hizo boli zote ni sawa. Nikamuuliza kwa nini ulichomelea chasisi, akasema bosi kuchomelea ni imara kuliko bolti, bolti zinalegea. Nikamwambia nirudishie hela ya chuma na boli tu, sitaki fidia ya mzigo, akakata simu na sasa hapokei. Risiti aliniandikia kwenye karatasi ya daftari, "kuandaa gari kuvuta", sahihi yake ipo, na naenda nayo mbele. Nimeshapiga picha mshono, boli na kalipa ikiwa juu yake.

Kinachonichoma zaidi siyo hela. Nilimwambia uzito. Nilimwambia njia. Nilimtajia Kitonga. Angeniambia tu bosi hii kazi siijui, ningeondoka na gari yangu na ningemheshimu. Badala yake akanikabidhi funguo ananicheka ananiambia nenda kaifanyie kazi, na mdogo wangu nimemkalisha pembeni yangu humo ndani.

Na nyie mnaosema mnavuta miaka kumi bila breki na hakuna kilichotokea, ingieni uvunguni leo na kitambaa mfute boli msome kilichoandikwa, angalieni mshono, na pimeni uzito uliopo kwenye pua, unatakiwa uwe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela lote, ukipakia mzigo mwingi nyuma ya ekseli pua inakuwa nyepesi, tela linaanza kupiga mkia barabarani na hata hapo kwenye tuta linanyanyuka kirahisi zaidi. Na mimi nakubali magunia ya mwisho tuliyasukuma nyuma, hilo ni letu mimi na mdogo wangu, lakini boli yenye saizi yake ingelishika.

Sasa naombeni msaada wa kweli. Mzee atakata na kuunda chuma kipya cha bolti, boli ya milimita 50 yenye kiwango cha kilo 3,500 nimepata. Nilichokosa ni breki za tela, zile za kusukuma, ambazo gari ikipunguza mwendo tela linajisukuma mbele na breki zake zinashika zenyewe. Nimezunguka maduka ya spea Gerezani siku nzima napewa mabaki ya kikombe bila fimbo za breki. Mwenye kujua anayeuza seti kamili ya ekseli mbili, au fundi aliyewahi kufunga na tela likasimama kweli, aandike hapa hapa kila mtu aone. Vitunguu vilivyobaki viko stoo Ilula na tela halitoki Morogoro mpaka liwe na breki, hata kama msimu huu tutakodi Fuso tena.