Sarafu ya mia imekuwa nyekundu kama shaba, wakuu hii ni kitu gani?

Mangi_wa_Kona:
Wakuu habari za jioni. Nina kaduka kangu huku Mbagala, jana usiku nafunga hesabu nikakuta kwenye kopo la chenji sarafu ya mia ya 1994, ile ya Nyerere na swala wanne, ila haina ule unjano wake, ni nyekundu nyekundu kama waya wa umeme uliochunwa. Kwenye migongo ya swala ndo pamekolea. Jirani yangu fundi simu kasema hilo kosa la kiwandani nisiitoe kabisa kuna watu wanazitafuta kwa hela ndefu. Kuna ukweli au nimpe tu mteja kama mia nyingine?

Dalali Msafi:
Usiitoe bosi. Njoo PM (ujumbe wa faragha), natafuta hizo, milioni 3 cash.

Konda Mstaafu:
Mangi ukienda PM utaambiwa utume elfu 50 ya "usajili" kwanza halafu namba haipatikani. Mjomba wangu walimla hivyo hivyo kwa rupia ya Mjerumani, eti ina mercury ndani. Mercury itakaaje ndani ya sarafu jamani 😂

Fundi_Betri:
Tafuta sumaku, hata ya spika mbovu. Mia yetu siyo brasi mwili mzima, ndani ni chuma, juu wamepaka brasi ambayo ni shaba na zinki. Sasa ikiguswa na maji ya betri au siki au hata limao, zinki ndo inaliwa kwanza, shaba inabaki juu unaona wekundu, na ikiendelea kukaa humo hata hiyo shaba inaondoka unakutana na chuma cha kijivu halafu kutu. Gereji kwetu naziona sana, mtu anaweka chenji kwenye sinia la betri akija kuzichukua zimeshabadilika. Kwahiyo ikinasa kwenye sumaku ni mia ya kawaida iliyoteswa. Ikigoma kunasa hapo ndo utuite tena. Ila usijaribu na mia mbili ya simba ya 1998 ukashtuka, ile haina chuma, haishiki hata kama haijachakaa.

Konda Mstaafu:
Na moto je? Kuna watu wanachoma taka na hela zimo

Fundi_Betri:
Moto unaiacha nyeusi, mara nyingi na malengelenge kwa juu. Wekundu safi hivyo ni asidi. Angalia na ukingo, kama maandishi yamelika yamekuwa laini ukilinganisha na mia nyingine ya mwaka huo huo, jibu umepata.

Mzee wa Unyanyembe:
Vijana msicheke sana, rangi tofauti kutoka kiwandani zipo kweli, ila siyo hizo. 1916 Vita ya Kwanza ya Dunia imekaza, Waingereza wamefunga bahari, Mjerumani aliyekuwa anatawala hapa hapati sarafu toka kwao, akaanza kuzipiga mwenyewe hapa Tabora kwenye karakana ya reli. Heller (senti za rupia ya Mjerumani) 20 za mwaka huo zipo za shaba nyekundu na zipo za brasi ya njano, thamani ile ile, maana walitumia madini yoyote waliyopata. Zina herufi T. Pia walipiga rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, hiyo ukiiokota nipigie mimi kwanza siyo dalali. Na hili neno hela mnalotumia kila siku limetoka kwenye hiyo hiyo heller.

Mangi_wa_Kona:
Shikamoo mzee, hilo la hela sikulijua kabisa.
Mrejesho wakuu: imenasa kwenye sumaku paaap. Ukingo umelika na upande mmoja kuna kadoa ka kutu. Kumbe dogo wangu wa darasa la sita wameambiwa shule limao linasafisha sarafu, kachukua mia 4 kwenye kopo langu bila kuaga kaziloweka siku mbili kwenye kikombe, tatu nimezikuta chini ya kitanda nyekundu vile vile.

Konda Mstaafu:
Kwahiyo milioni 12 hizo mangi

Dalali Msafi:
PM bosi

Mangi_wa_Kona:
Nakuuzia zote 4 kwa mia nne, nauli juu yako