Baba amenikana, Zaburi 27:10 naisoma vipi?

Msafiri

Bwana asifiwe wapendwa. Nina miaka 31. Mama amenilea peke yake, na baba nilimjua kwa jina tu hadi nilipomaliza chuo. Mwaka huo nikapata ujasiri wa kwenda kwake. Nilibeba picha yangu ya mahafali ndani ya bahasha, na nyuma ya picha nikaandika jina langu kamili, na la kwake likiwemo. Alifungua mlango nusu, mkono haukutoka kwenye kitasa. Nikajitambulisha, nikampa bahasha. Hakuifungua. Aliniangalia usoni kitambo, akasema, "Mimi sina mtoto mwingine," akanirudishia. Wala hakufoka. Afadhali angefoka.

Ni miaka 7 sasa. Nimeokoka, niko kwaya, watu wananiita ndugu. Lakini kila tunaposali "Baba yetu uliye mbinguni" koo linanikaba. Huwa nasubiri wenzangu wafike "jina lako litukuzwe" ndipo niungane nao. Kiongozi wetu wa kikundi alinipa Zaburi 27:10: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali BWANA atanikaribisha kwake." Naliamini hilo neno. Mbona basi bado inauma? Ni imani yangu ndiyo haba?

Askari wa Msalaba

Kaka, samehe na usahau. Ya kale yamepita, 2 Wakorintho 5:17. Ni shetani anakukumbusha ili akurudishe nyuma. Funga siku tatu, kemea roho ya kukataliwa, utatoka ukiwa mwepesi. Barikiwa.

Mama Wawili

Mwanangu Msafiri, pole. Hilo la mkono kwenye kitasa nimelisoma mara mbili, nikalia.

Askari, najua umeandika kwa upendo, na kufunga ni kuzuri. Ila hilo la kusahau silikubali. Bwana wetu alifufuka na alama za misumari mikononi, akamwambia Tomaso azitazame. Kama ufufuo haukuzifuta, kwa nini tumdai kijana huyu afute zake kwa siku tatu?

Mimi nilikataliwa nikiwa ndani ya ndoa. Mume wangu alikuwa na mwingine aliyemtaka kabla yangu, na alinijulisha hivyo kwa miaka 9. Nilikuwa nanyoosha mashati yake hadi kola inasimama kama mpya, halafu natega sikio aseme asante. Anavaa, anatoka. Jioni narudia tena.

Nilijiona kwenye Mwanzo 29, kwa Lea, yule mke wa Yakobo asiyependwa. Mwanangu, soma majina ya watoto wake polepole. Reubeni: Bwana ameona teso langu, sasa mume wangu atanipenda. Simeoni: Bwana amesikia kuwa sipendwi. Lawi: safari hii mume wangu ataungana nami. Yule mama alikuwa anazaa huku anachungulia mlangoni! Anafika kwa Yuda anasema, mara hii nitamsifu Bwana. Yakobo hatajwi kabisa hapo. Hakuna mstari unaosema alikuwa amebadilika.

Wahubiri wengi huishia hapo, na mimi zamani niliishia hapo. Lakini geuza ukurasa, sura ya 30 mstari wa 20. Anamzaa Zabuloni, mtoto wa sita, na anasema tena, sasa mume wangu atakaa pamoja nami. Lea yuleyule aliyemsifu Bwana! Kidonda kilirudi. Na Mungu hakumnyang'anya Yuda kwa sababu hiyo. Ni katika ukoo wa huyo Yuda alikotoka Daudi, na Yesu mwenyewe, Mathayo 1 imeandika.

Kwa hiyo maumivu yako usiyafanye kipimo cha imani. Mimi bado nina siku za Zabuloni. Nikijikuta nanyoosha shati la mtu ili nipendwe, nasimama, namwambia Bwana, "nimerudi kulekule, nishike." Huwa sina sala ndefu kuliko hiyo.

Mtumwa wa Bwana

Nakuunga mkono Mama. Msafiri, kuhusu "Baba yetu", mimi pia lilinishinda muda mrefu, baba yangu alikuwa mtu wa fimbo. Nilifunguliwa na Warumi 8:15. Paulo anasema tulipokea roho ya kufanywa wana, "ambayo kwa hiyo twalia, Aba, yaani, Baba." Twalia. Kwa hiyo koo likikaba usisubiri wengine wafike mbele, hata sauti ikitoka imepasuka. Yesu alimwita Aba kule Gethsemane akiwa na huzuni kiasi cha kufa.

Msafiri

Nimechelewa kujibu, nisameheni. Asante Mama Wawili, asante mtumishi. Askari nawe asante, nitafunga, ila sitaombea kusahau.

Jana usiku niliitafuta ile bahasha. Sikuwa nimeigusa tangu siku ile. Picha imekunjika pembe moja, maandishi ya nyuma bado yanasomeka. Nimeisimamisha mezani ninaposomea Biblia. Halafu nikasoma Zaburi 27 yote, maana miaka yote hii nilikuwa nakwama mstari wa 10. Inaishia wa 14: "Umngoje BWANA, uwe hodari, upige moyo konde." Nikauliza moyoni, huyu anayeambiwa apige moyo konde si ndiye yuleyule aliyeachwa mistari minne nyuma?

Jumapili nitajaribu kuanza na wenzangu tangu neno la kwanza. Mniombee.