Siku moja tu Shanghai na mama: Zhujiajiao, Zhouzhuang au Wuzhen? Na muongozaji au tujiendee wenyewe?

Mama_Vitenge (mwanzisha mada):
Habari za jioni wadau. Naombeni ushauri kwa waliofika. Mwezi ujao naenda China kufuata mzigo, naanzia Yiwu kama kawaida halafu namalizia Shanghai kwa sababu ndege inaondokea Pudong. Safari hii naenda na mama. Ana miaka 66, kauza vitenge Kariakoo tangu mimi sijazaliwa, na miaka yote hii ananisikia tu China China, nikasema sasa basi na yeye akaone kwa macho yake. Kuna kalenda nilipewa na wakala wa mizigo, ina picha ya mji wa zamani, nyumba nyeupe paa za vigae vyeusi, maji yanapita mlangoni kama kichochoro, na mama mmoja kasimama kwenye boti anapiga kasia. Kaitundika chumbani kwake, mwaka umeisha kalenda bado iko ukutani. Kila akinipigia simu "hivi pale utanipeleka?"

Kuuliza nikakuta miji ya hivyo iko mingi kuzunguka Shanghai, na kila mtu ananitajia wake. Nina siku moja ya bure, moja tu. Nifikirie Zhujiajiao maana metro inafika, Zhouzhuang maana ndio wanausifia, au Wuzhen maana ndio mkubwa? Na niende na kikundi cha basi, nikodi muongozaji wa kwetu wawili, au tujiendee tu? Kichina changu ni cha sokoni, kuuliza bei na kupunguza bei, zaidi ya hapo sina. Mama magoti yanamsumbua, na ni mtu wa swala tano. Nisaidieni.

KontenaLaYiwu:
Dada karibu. Usijitie gharama, nenda Zhujiajiao. Mimi nimeenda mara tatu bila muongozaji yeyote. Unachukua metro line 2 mpaka stesheni ya reli ya Hongqiao, pale unabadilisha line 17, unashuka Zhujiajiao kabisa, jina limeandikwa kwa herufi zetu. Hiyo line 17 ilifunguliwa mwishoni mwa 2017, kabla ya hapo ilikuwa mabasi tu. Nauli haifiki yuan 10. Ukitoka stesheni unatembea kama robo saa au dakika ishirini, na kuingia mjini ni bure, unalipia tu ukitaka kuingia kwenye bustani na majumba. Ukiona umati umewazidi mnageuza mnarudi, hakuna mtu wa kukuambia basi linaondoka saa ngapi. Boti bei ni ya boti nzima sio ya kichwa, kwa hiyo mkipata watu wa kuchangia nao mnaokoa. Hela ya muongozaji mnunulie mama zawadi.

DaktariMtarajiwa:
Mkuu KontenaLaYiwu nakuheshimu ila umesahau kitu kimoja, magoti. Kitovu cha Zhujiajiao ni daraja la Fangsheng, lile la matao matano, la 1571, kama mita 70 kwa urefu na limepanda kama nundu ya ngamia. Ngazi za mawe zimelainika kwa miguu ya watu, mvua ikinyesha ni kuteleza tu. Vijana tunapanda tunapiga picha, bimkubwa wa miaka 66 atahesabu kila ngazi. Anaweza kulitazama kwa chini kweli, na ni zuri kwa chini, wanauza samaki wadogo na kasa kwenye mifuko ya plastiki watu wanawaachia mtoni, ndio maana ya jina lake, daraja la kuachia viumbe.

Mimi nasoma Suzhou mwaka wa nne na miji hii nimeizunguka. Kwa huku kwetu ningesema Tongli, kuna bustani ya Tuisi iliyojengwa 1885 mpaka 1887 na imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, na metro ya Suzhou line 4 inafika mpaka huko. Ila ukitokea Shanghai kwa siku moja na mtu mzima, hapana, ni mbali na ni kubadilisha badilisha usafiri.

Dada hebu nikuulize, hiyo picha ya kwenye kalenda ina madaraja mawili yamekutana kwenye kona? Moja tundu lake ni duara na lingine tundu lake ni mraba?

Mama_Vitenge:
Subiri nimuulize mama anitumie picha.

Mama_Vitenge:
Ndiyo! Yapo mawili kabisa, moja mviringo moja mraba. Umejuaje?

DaktariMtarajiwa:
Basi mjadala umeisha, hiyo ni Zhouzhuang. Yanaitwa Shuangqiao, madaraja pacha, wenyeji wanasema yamekaa kama ufunguo wa kufuli ya kizamani. Ni mchoraji Chen Yifei aliyeyachora, na 1984 tajiri wa Kimarekani Armand Hammer akainunua ile picha akaipeleka zawadi kwa kiongozi wa China, Deng Xiaoping. Mji ambao ulikuwa umejificha kwenye maziwa ukajulikana dunia nzima. Mama yako kavutwa na daraja lile lile. Mpeleke pale pale.

AbuSalma_Msa:
Assalaam aleikum dada. Nakubaliana na daktari hapo juu kuhusu Zhouzhuang, ila nakuusia kwa moyo wangu wote: usiende na kikundi cha basi. Mimi na mke wangu tulilipia ile ya Suzhou na Zhouzhuang siku moja, bei ikatufurahisha sana, jina la kampuni sitaji. Asubuhi tukazungushwa hoteli kuchukua watu mpaka saa tatu na zaidi. Suzhou tukapelekwa duka la hariri, wanaliita kiwanda, tukaoneshwa vifuko vya nondo vikivutwa nyuzi dakika kumi halafu saa nzima ya kuuziwa mashuka. Halafu lulu. Halafu chakula cha mchana, meza imejaa nguruwe, nikala wali na mboga. Zhouzhuang tulifika alasiri, kijana ana kibendera anakimbia mbele, tukapewa saa moja na nusu, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, tukarudi kwenye basi hatujapanda hata hiyo boti. Mpaka leo akikumbuka ananyamaza. Bei ikiwa rahisi kupita kiasi ujue maduka ndio yanalipia tofauti.

Na chakula mamangu ujipange. Kitoweo cha sifa Zhouzhuang ni goti la nguruwe, wanaliita Wansan, limewekwa kila dirisha linang'aa kwa mchuzi. Zhujiajiao ni hivyo hivyo, hata zile zongzi za wali zilizofungwa kwenye majani nyingi zina nguruwe ndani. Tafuta kibao cha 清真, maana yake chakula halali, mara nyingi ni migahawa ya tambi za kuvuta kwa mkono, kula mjini kabla hamjaondoka au fungasheni. Swala mna ruhusa ya msafiri, adhuhuri na alasiri mnakusanya na kupunguza.

Mlamu_Halisi:
Mimi ntasimama na Wuzhen peke yangu. Ndugu zangu, Zhouzhuang ni nzuri, ila huyu mama ni mtu wa vitambaa! Wuzhen kuna karakana ya nguo za buluu na nyeupe, unaziona zimetundikwa uwanjani kwa milingoti mirefu, urefu wa ghorofa mbili, upepo ukipita zote zinapeperuka pamoja. Wanakata ua kwenye karatasi ngumu, wanapaka ujiuji wa unga wa soya na chokaa, kisha kitambaa kinazamishwa kwenye nili. Palipopakwa hapashiki rangi. Si ndio njia ya vitenge vya waksi hiyo, ila wao badala ya nta wanatumia soya. Mama wa Kariakoo akiona vile ataelewa bila mkalimani.

Halafu dada unatokea Yiwu kwenda Shanghai kwa treni ya kasi, Tongxiang iko njiani, ndiyo stesheni ya kushukia Wuzhen. Kama mzigo umeshaingia kontena na mna begi dogo, shukeni pale. Tiketi: upande wa mashariki Dongzha yuan 110, magharibi Xizha 150, zote mbili 190. Dongzha ndiko nyumba aliyozaliwa mwandishi Mao Dun, 1896, na Mfereji Mkuu ule wa kutoka Beijing mpaka Hangzhou unapita Wuzhen hapo hapo. Mimi ni mtu wa Lamu, nimekulia kwenye vichochoro na maji, lakini usiku wa Xizha taa zikiwaka majini nilikaa kwenye ngazi nikakumbuka kwetu mpaka nikampigia mamangu.

binti_pangani:
Mlamu kaka yangu, usiku ndio tatizo lenyewe. Wuzhen utamu wake ni kulala, na dada ana siku moja. Pia Xizha ilifanyiwa ukarabati mkubwa, wakazi wakahamishwa, ikafunguliwa 2007 kama eneo la watalii, kila kitu kimepangwa kama seti. Ni safi, vyoo vizuri, lakini hutaona bibi anafua nguo kwenye ngazi ya nyumba yake. Zhouzhuang na Zhujiajiao bado kuna watu wanaishi, unapita dirishani unasikia harufu ya chakula chao.

Naishi Shanghai mwaka wa sita. Ushauri wangu: Zhouzhuang, muongozaji wa binafsi mwenye gari, muwe mmeondoka saa moja asubuhi. Ni kama saa moja na nusu barabarani. Mabasi ya vikundi yanaanza kumwaga watu kuanzia saa nne hivi, nyie mtakuwa mmeshapanda boti. Hakikisha sio Jumamosi wala Jumapili, na usiguse kabisa wiki ya tarehe 1 Oktoba, likizo ya sikukuu yao ya taifa. Katikati ya Juni mpaka mwanzo wa Julai ni mvua za plamu, wenyewe wanaziita meiyu, mawe yanateleza.

Muongozaji mwombe akuoneshe leseni yake kwenye simu, wenye kibali wanayo. Na andikeni kwenye meseji KABLA ya kulipa: hakuna duka hata moja, tiketi ya mlangoni yuan 100 kwa kichwa nani analipa, boti nani analipa, chakula wapi. Akisita kwenye maduka achana naye.

KontenaLaYiwu:
Ila dada Pangani kwa nini muongozaji, si akodi gari tu na dereva? Kutazama maji kunahitaji maelezo gani?

DaktariMtarajiwa:
Mkuu mimi mara ya kwanza nilienda mwenyewe, nikaingia nyumba ya ukoo wa Zhang, nikaona mfereji unapita katikati ya nyumba nikasema sawa, maji. Mara ya pili nilimpeleka mwalimu wangu mgeni, tukawa na mama mmoja muongozaji, akatusimamisha pale pale akasema tazama hapa maji yanapanuka, hapa ndipo boti ilikuwa inageuzwa. Mchele na kuni vilikuwa vinaingia kwa maji mpaka ndani, wageni wa heshima wanaingia kwa machela mlango wa mbele. Kuna msemo wao kabisa, machela yanaingia mlangoni, boti zinapita ndani ya nyumba. Nilisimama sehemu ile ile niliyosimama mwaka juzi nikaona kitu kingine kabisa. Nyumba ya Shen ndio usiseme, ya 1742, vyumba karibu mia, milango inafuatana mmoja nyuma ya mwingine, bila mtu wa kukuambia nani alikaa wapi ni mbao na vumbi tu.

Mama_Vitenge:
Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Nimeamua: Zhouzhuang, muongozaji na gari, Jumanne. Nikirudi ntaleta mrejesho.

Mama_Vitenge:
Wadau nimerudi, mrejesho huu hapa.

Tulimpata dada mmoja muongozaji anayeongea Kiingereza kizuri, yuan 1,400 gari na yeye, tiketi na boti mbali. Tuliandikiana kila kitu kama binti_pangani alivyosema, na hatukupelekwa duka lolote la kuuziwa vitu kwa nguvu. Saa tatu kasoro tuko getini, mji umetulia, mzee mmoja anafagia mbele ya kwake.

Boti kwanza, kwa ajili ya magoti. Mpiga kasia alikuwa mama wa makamo, kasia moja refu nyuma, anasukuma kulia kushoto boti linakwenda kama linanyoa maji. Kafunga kilemba cha kitambaa cha buluu chenye maua meupe. Mama akawa haangalii nyumba, anaangalia kilemba. Akaniambia muulize huyu dada, hapo peupe wamepaka nini. Muongozaji akaeleza, soya na chokaa, kama Mlamu alivyosema. Mama akamwomba akishike, yule mama akaacha kasia akainama, mama akageuza upindo akaangalia upande wa pili, akasugua kwa kidole gumba kama anavyofanya dukani, akasema "hii haitoki." Muongozaji akatafsiri na yule mpiga kasia akacheka akaanza kuimba, tukapita chini ya lile daraja la duara yeye anaimba, sauti inarudi kwenye mawe.

Kwenye madaraja pacha tulishuka, mama hakupanda, alikaa kwenye benchi upande wa pili akayatazama kama dakika ishirini. Hakuongea na mimi sikumsemesha. Halafu nyumba ya Zhang, akaoneshwa pale boti zinapogeuzwa, akauliza gharika ikija maji yanaingia mpaka sebuleni? Muongozaji alisema hajawahi kuulizwa hilo.

Makosa yangu: nyumba ya Shen ilikuwa ndefu kwake, vizingiti ni vya juu kila mlango unainua mguu, ningemwacha apumzike nje. Na AbuSalma ulikuwa sahihi, goti la nguruwe kila kona, tulifungasha mkate na mayai tukala garini. Saa saba mchana umati ulianza kuwa mkubwa, tukaondoka.

mgeni_wa_pudong:
Dada hongera. Swali, malipo mlifanyaje, cash walipokea?

Mama_Vitenge:
Nilifunga kadi yangu ya Visa kwenye Alipay, ile programu ya Kichina ya kulipa kwa simu, kabla ya kusafiri, nikaskani kila mahali. Noti nilitumia mara moja tu, ya kumtunza yule mpiga kasia, mama alitaka ampe mkononi. Na pasipoti tembea nayo, kwenye tiketi waliiomba.

AbuSalma_Msa:
Alhamdulillah. Kitambaa alinunua?

Mama_Vitenge:
Mita nne. Moja kashona kilemba, tatu kazitundika ukutani pembeni ya kalenda.